Kopo la visu vya kukunja aliloacha babu: naomba msaada wa kuvitambua, kuvipa bei na kuviuza

Mjukuu wa Keya, Molo

Hamjambo nyote. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles la Waingereza, aliyefika hadi Burma, na aliporudi alifanya kazi ya unyapara katika shamba la mzungu mmoja huku juu Molo hadi mashamba yalipogawanywa. Mwezi uliopita shangazi yangu, ambaye ndiye aliyebaki na vitu vyake, alinikabidhi kopo la biskuti lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, na ndani yake mlikuwa na visu saba vya kukunja vilivyopakwa mafuta ya kondoo, mengi kiasi kwamba yalikuwa yameganda kama sabuni. Kimoja kilikuwa kimeliwa na kutu, nami nikakipeleka kwa kijana mwenye mashine ya kunolea karibu na stendi, akanirudishia kikiwa kinang'aa kama kijiko cha harusini. Dalali mmoja wa Nakuru alipoliona kopo alinitajia shilingi 1,500 kwa vyote, akanihimiza niamue siku hiyo hiyo. Haraka yake ndiyo iliyonitia shaka. Naomba mwenye ujuzi anieleze visu hivi ni vya aina gani, vina thamani gani, na kama nitaviuza, niviuze wapi.

Fundi Saa, Nakuru

Mjukuu wa Keya, umefanya jambo moja zuri na moja baya. Zuri ni kwamba hukuipokea ile 1,500. Baya ni ile mashine, na usiirudie tena kwa vile sita vilivyobaki. Mimi nimetengeneza saa mjini hapa kwa zaidi ya miaka thelathini, na visu vya kukunja vimekuwa vikiletwa kwangu kwa sababu watu huamini kwamba kila kitu chenye springi ni kazi ya fundi saa. Kwa hiyo nimejifunza kwa kuharibu vya watu kwanza, na vyangu pia.

Kabla ya bei, shika kisu kimoja mkononi na tukubaliane juu ya majina. Bapa ni kile chuma kinachokata. Pale bapa linapoingia kwenye mpini pana sehemu fupi isiyonolewa, ambayo mimi huiita shina la bapa, na hapo ndipo fundi aliyekitengeneza alipogonga chapa yake. Mgongoni mwa mpini kuna springi, kipande cha chuma kinachobana shina ili bapa lisimame wima au lilale. Vibao viwili vya pembe, mfupa au mti hufunika ubavu huu na ule, vikishikwa na ribiti, yaani vipini vidogo vya chuma vinavyopenya ubavu hadi ubavu. Kwenye bapa kuna kijifuo cha kutilia ukucha unapofungua.

Sasa fungua mabapa yote ya kila kisu, ukae mlangoni asubuhi jua likiwa bado chini ili mwanga uingie kwa ubavu, na unisomee kila herufi, kila namba, kila nukta na kila mchoro ulio kwenye shina, pande zote mbili. Usisugue. Paka tone moja la mafuta ya cherehani, subiri nusu saa, kisha ufute kwa kitambaa cha pamba. Mnunuzi anayejua vitu hivi halipi kwa ajili ya mng'ao, bali hulipia chapa inayosomeka na chuma ambacho hakijaguswa na tupa wala msasa.

Mjukuu wa Keya, Molo

Asante, Mzee. Nimefanya hivyo leo asubuhi. Haya ndiyo niliyoyaona.

Cha kwanza kina mpini wa pembe yenye mikunjo ya kahawia, na kwenye shina pana herufi G, taji, na herufi R, chini yake JOSEPH RODGERS & SONS, halafu SHEFFIELD ENGLAND, pamoja na nyota na msalaba. Cha pili ni kizito, mpini wake mweusi una vimiraba vya kukwaruza, kina bapa moja, kifungulia kopo na msumari mnene, na kimegongwa mshale na namba 1943. Cha tatu ni chekundu chenye msalaba, kimeandikwa VICTORINOX. Cha nne ni Okapi yenye mpini wa mti uliopambwa kwa nyota na mwezi, nayo imeandikwa GERMANY. Cha tano kina mabapa matatu, kimeandikwa CASE XX U.S.A. na chini yake mna nukta saba, na kwenye bapa jingine pana 6318. Hicho shangazi anasema babu alipewa na mwalimu Mmarekani wa kujitolea aliyefundisha shule iliyokuwa karibu nasi. Cha sita ni kidogo, cha mpini mweupe, na hakina jina bali neno GERMANY tu. Cha saba ndicho kilichopita kwenye mashine, na herufi zilizobaki ni X moja, na chini yake OLM.

Fundi Saa, Nakuru

Nimeisoma orodha yako nikiwa nimesimama, nikalazimika kukaa nilipofika kwenye cha saba. Hiyo X ni ya katikati ya I*XL, chapa ya Sheffield iliyoandikishwa mwaka 1787, na hiyo OLM ni mwisho wa jina la George Wostenholm, kiwanda kilichouza visu vyake Marekani kwa wingi katika karne ya kumi na tisa. Kisu cha Wostenholm chenye kutu, ambacho chapa yake inasomeka, ni kitu cha kutafutwa. Kisu cha Wostenholm kilichong'arishwa hadi chapa ikayeyuka ni kisu cha kumenyea viazi. Usimlaumu sana kijana wa mashine, kwa maana ulimwomba akifanye king'ae, naye akafanya. Mimi mwenyewe niliwahi kukifuta kingine cha jina hilo hilo kwa msasa, nikakiuza shilingi 500, na nikajiona mjanja kwa wiki nzima.

Twende kwenye Rodgers, kwa sababu hapa ndipo utakapoona jinsi kisu kinavyosema umri wake bila kuandikwa mwaka. Nyota na msalaba ni alama ya nyumba hiyo tangu mwaka 1764. Mwaka 1822 ilipewa heshima ya kuwa mtengenezaji wa visu wa mfalme wa Uingereza, na tangu hapo ikawa inagonga taji na herufi za mfalme anayetawala: V na R kwa Malkia Victoria hadi 1901, E na R kwa Edward wa Saba hadi 1910. Chako kina G na R, yaani Mfalme George. Lakini ni George yupi? George wa Nne alitawala kuanzia 1820 hadi 1830, na mtu mwenye tamaa atakwambia kisu chako kina karibu miaka mia mbili. Mwambie asome neno la mwisho. Marekani ilitunga sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyotaka kila bidhaa ya kigeni igongwe jina la nchi ilikotoka, na ndipo mafundi wa Sheffield, ambao hapo nyuma waliandika jina la mji wao peke yake, wakaanza kwa jumla kuongeza ENGLAND. Kwa hiyo kisu chenye G R na ENGLAND kwa pamoja ni cha George wa Tano au wa Sita, yaani kati ya 1910 na 1952. Hicho ndicho kipindi ambacho walowezi walikuwa wamejaa huko kwenu Molo, Njoro na Subukia, na ninashuku kwamba kilitoka mfukoni mwa mwajiri wa babu.

Case ni rahisi zaidi, na sijui kiwanda kingine kilichomrahisishia mnunuzi namna hiyo. Kuanzia mwaka 1970 waligonga nukta kumi chini ya jina, kisha wakawa wanaondoa nukta moja kila mwaka. Kumi ni 1970, tisa ni 1971, nane ni 1972, na saba ni 1973. Namba 6318 nayo husomwa kwa vipande: 6 ni mpini wa mfupa uliochongwa, 3 ni idadi ya mabapa, na 18 ni umbo. Hesabu mabapa yako. Kama ni matatu na shina halijachezewa, basi mwalimu wa watu alimpa babu yako kitu halali.

Cha jeshi nacho hakina fumbo. Ule mshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na 1943 ni mwaka wa kutengenezwa. Ule msumari ni wa kulegezea mafundo ya kamba, ingawa kila askari atakwambia habari ya kwato za farasi. Vilitengenezwa vingi sana wakati wa vita, kwa hiyo peke yake bei yake ni ya wastani. Je, kuna karatasi zozote za babu za jeshi? Kisu chenye cheti cha kuachishwa jeshi cha mwenyewe si sawa na kisu kilichookotwa.

Kile chekundu kigeuze. Neno Victorinox lilianza mwaka 1921, pale kiwanda cha Karl Elsener, aliyekuwa ameipa chapa yake jina la mama yake Victoria mwaka 1909, kilipoongeza neno inox, yaani chuma kisichoshika kutu. Kwa hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Kama mwishoni kina kishikizo kikubwa cha chuma kinachozunguka, badala ya kipete kidogo cha funguo, kuna matumaini ya uzee. Vinginevyo ni kisu kizuri cha kutumia, basi.

Mama Kibuye, Kisumu

Naomba niingilie kwenye hiyo Okapi, kwa maana Fundi ameiruka kama mtu anayeruka tope. Mimi huuza mitumba na vyuma vya zamani Kibuye kila Jumapili, na Okapi zimepita mikononi mwangu kuliko kisu kingine chochote. Zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani huku Afrika, na mwaka 1988 kazi hiyo ikahamia Afrika Kusini. Kwa hiyo yako iliyoandikwa GERMANY ni ya kabla ya hapo, na hilo tu linaitenga na zile mpya. Fungua bapa lake polepole: meno yakishika vizuri utasikia kra, kra, kra, kila hatua kwa sauti yake. Likiteleza jino moja kimya, springi imechoka. Bei yake si kubwa, sitakudanganya, lakini kuna wageni wanaoipenda kwa sababu ni kisu kilichobuniwa kwa ajili yetu na karibu kila mchungaji wa ng'ombe wa zamani alikijua.

Pia ninataka kuonya kuhusu uwongo. Jina la Solingen limelindwa kwa sheria ya Ujerumani tangu 1938, lakini sheria ya Ujerumani haifiki Kibuye, na nimeona visu vyepesi kama bati vilivyoandikwa Solingen kwa herufi zilizopinda. Chapa ya kweli iligongwa chuma kikiwa bado laini, kwa hiyo herufi zimezama kwa kina kinacholingana na kingo zake zimelainika pamoja na chuma kinachozizunguka. Chapa ya uwongo mara nyingi imechorwa juu ya chuma kilichokwisha kuzeeka, nayo huonyesha mng'ao ndani ya mifereji wakati pembeni pana weusi. Tazama na ribiti vilevile. Ikiwa kisu kizima kimechakaa na ribiti moja inang'aa, kiliwahi kufunguliwa, na huenda bapa si lake.

Jambo la mwisho, na ni zito. Huo mpini mweupe ni wa nini? Ukiwa ni pembe ya ndovu, usiutangaze, usiuuze, na usiutume kokote. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki au kuuza nyara bila kibali, na haijali kwamba ndovu alikufa kabla hujazaliwa. Gamba la kasa halikadhalika. Jirani yangu sokoni aliponea chupuchupu kwa sababu ya bangili moja tu.

Mjukuu wa Keya, Molo

Mama, umenitisha. Nitajuaje?

Fundi Saa, Nakuru

Mama Kibuye amesema kweli, na ninamshukuru, maana hilo lilipaswa kuwa swali langu la kwanza. Azima lenzi. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi, kama ncha za sindano, ambamo damu ilipita. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo, na ukitazama pale ilipokatwa kwa upana utaona mistari myembamba inayopishana kama wavu. Kuna kitu cha tatu, seluloidi, plastiki ya selulosi ya nitrati iliyochanganywa na kafuri, ambayo viwanda vya zamani viliitumia kuiga pembe: mistari yake huwa imenyooka mno, imelingana mno, kama karatasi ya daftari. Sugua mpini kwa kidole gumba hadi upate joto, kisha unuse. Usijaribu kamwe kuuchoma kwa sindano ya moto kama wanavyofanya wengine, kwa kuwa kitu hicho hushika moto upesi.

Mjukuu wa Keya, Molo

Mistari imenyooka na kulingana kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimesugua, na harufu ni kama ile ya sanduku la nguo la bibi. Shangazi pia amenusa akasema ni kafuri.

Fundi Saa, Nakuru

Basi si ndovu, lala usingizi. Lakini kitoe kwenye kopo leo hii. Mipini hiyo inapozeeka huanza kuoza yenyewe na kutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo hula chuma kilicho karibu. Kiweke peke yake mahali penye hewa, kikiwa kimefungwa kwa karatasi tu.

Tuje kwenye bei. Usiangalie bei ambazo watu wanaomba mtandaoni, kwa sababu mtu anaweza kuomba ng'ombe kwa kisu. Tafuta zile zilizokwisha kulipwa, kwa jina lile lile, chapa ile ile na hali ile ile. Kisha kitahini kisu chako bila huruma. Kifunge na utazame ncha: inapaswa kuzama ndani ya mpini, na ikichomoza, limenolewa sana au shina limeliwa. Pima umbali kutoka kijifuo cha ukucha hadi kwenye makali, kwa maana bapa lililonolewa miaka arobaini hubaki na kijifuo kikikaribia ukingo. Lishike bapa na ulitikise kushoto na kulia. Lifungue hadi mwisho na usikilize: springi nzima hugonga kwa sauti kavu, kama mtu aliyefunga mlango akiwa amekasirika kidogo. Ikifunguka kimya, ondoa sehemu kubwa ya bei. Mpini uliopasuka, bapa lililobadilishwa au ncha iliyovunjika na kuchongwa upya, kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuondoa nusu ya bei au zaidi machoni mwa mkusanyaji, ingawa jikoni kisu bado kinakata nyama vizuri.

Rodgers yako na Case ndizo zenye wanunuzi wa uhakika. Usiviuze kwa mkupuo, maana dalali hununua kopo kwa ajili ya visu viwili na kujifanya anahurumia vitano. Piga picha kikiwa kimefungwa, kikiwa kimefunguliwa, mgongo, na shina kwa karibu, na uweke rula kando yake. Taja kila kasoro kwa maneno. Mnunuzi wa mbali aliyeonyeshwa ufa kabla ya kulipa hanung'uniki akiupokea. Malipo ya kutoka nje yanaweza kupitia PayPal na kuhamishiwa M-Pesa. Lakini kabla ya kukubali fedha, ulizia mahali unapotuma vifurushi kama wanapokea visu, na umwambie mnunuzi aangalie sheria ya kwao. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja ambacho bapa lake halina kufuli likiwa wazi, na chenye makali yasiyozidi inchi tatu, hubebwa hadharani bila tatizo, lakini chenye kufyatuka kwa kitufe kimepigwa marufuku kuuzwa tangu 1959. Ukija navyo Nakuru kunionyesha, vifunge kwenye kopo na kopo ulitie mkobani. Usivitembeze mfukoni, kwa maana askari wa doria hana haja ya historia ya Sheffield.

Mama Kibuye, Kisumu

Nami naongeza kwamba usivihifadhi ndani ya ala za ngozi. Ngozi hunywa unyevu, na dawa iliyotumika kuilainisha huacha madoa kwenye chuma. Huku ziwani nimeona kisu kizima kikigeuka rangi ya kahawa kwa masika moja.

Mjukuu wa Keya, Molo

Samahani kwa kimya cha wiki tano. Nilishuka Nakuru, na Fundi Saa alivitazama vyote kwa lenzi yake mezani, akanikaribisha chai, na hakutaka hata senti. Case ilikuwa na bapa dogo lililonolewa kidogo, tukaliandika hivyo, na mkusanyaji wa Marekani akainunua kwa kiasi ambacho, baada ya gharama ya kutuma, kiliniachia shilingi 6,500. Rodgers ina ufa wa nywele kwenye kibao kimoja ambao sikuwa nimeuona. Nimeionyesha ufa huo katika picha, na watu wawili wanashindana taratibu, kwa hiyo sina haraka. Okapi nimemwahidi Mama Kibuye aniuzie kwa wageni wake. Kile chekundu kina kipete kidogo cha funguo, na mdogo wangu amekwisha kukichukua.

Cheti cha babu cha kuachishwa jeshi kilikuwa chini ya godoro la shangazi. Baada ya kukisoma, ukoo ulikaa ukaamua kwamba kisu cha 1943 hakiuzwi.

Na kuna hili nililotaka kumwambia Fundi. Nilimuuliza shangazi kwa nini kisu kimoja tu, kile cha Wostenholm, ndicho kilichokuwa na kutu, ilhali vyote vilipakwa mafuta siku moja. Akaniambia kwamba babu alikifunga pamoja na kile cheupe katika kitambaa kimoja, kwa sababu hivyo viwili ndivyo alivyovipenda zaidi.

Fundi Saa, Nakuru

Basi mvuke wa kile cheupe ndio ulioanza kukila, na mashine ikamalizia. Niletee hicho cha OLM ukishuka tena. Chapa haitarudi, lakini springi yake nilipoijaribu ilikuwa bado inagonga, na mimi ninahitaji kisu cha kukatia mikanda ya saa.